Sura ya Nne: Chagua Mti, Usichague Tunda

Nyuma ya jiko la mama mzaa mama yangu, tuliyekuwa tukimwita Tate, ilisimama miti mitano ya pilipili. Minne ilikuwa ya watu wote. Mtoto akitumwa pilipili za sombe (kisamvu) alichuma humo, jirani akipungukiwa alichuma humo, na kuku waliokota zilizoanguka. Mti wa tano ulifungwa kitambaa chekundu kilichochanwa kwenye kitenge kikuukuu, na ule haukuguswa. Pilipili zake ziliiva zikawa nyekundu, zikaanza kulegea na kukunjamana zikiwa bado mtini, huku sisi tukizidi kuikwangua ile minne. Kilichoniudhi ni kwamba ule wa tano ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

"Tate," nilimuuliza siku moja, "kwa nini tunakula za miti mibaya?"

"Kwa sababu za huu mzuri tutazila miaka yote inayokuja, mjukuu wangu."

Sura hii ni maelezo marefu ya jibu hilo fupi. Nyumba ya Tate ilikuwa upande wa Kingi, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Kitshanga, mahali ambapo udongo ni mweusi kwa majivu ya volkano ya Nyamulagira na jembe hugonga mwamba kabla halijazama. Ardhi yake haikuzidi uwanja wa nyumba. Masisi ni nchi ya malisho mapana ya ng'ombe na ya watu wengi waliosongamana kwenye vipande vidogo, na magomvi ya ardhi huko yana historia ndefu ya damu. Pilipili inawafaa watu wa namna hiyo kwa kuwa haidai shamba. Inadai kopo la udongo, kona yenye jua, na mtu anayejua mbegu yake imetoka wapi.

Ndege alipanda kabla yetu

Kwanza tuufahamu mmea wenyewe. Umewahi kuona mpilipili umeota kando ya ua bila mtu kuupanda? Aliyeupanda ni ndege. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Kwenye neva za binadamu, panya na mbuzi kuna kipokezi kinachopaswa kutuarifu kwamba kitu fulani kinaunguza, na kapsaisini hukiamsha hata pasipo moto. Ndiyo maana tunasema pilipili inawasha. Mwaka 1997 timu ya mwanasayansi David Julius huko California ilikitambua kipokezi hicho, na mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi cha ndege hakiitikii kapsaisini. Ndege humeza pilipili kama sisi tunavyokula ndizi, kisha hudondosha mbegu zikiwa nzima mahali pengine, mara nyingi chini ya tawi alilotua. Panya angezitafuna mbegu hizo na kuziua. Ukali, basi, ni njia ya mmea ya kumchagua msafirishaji wake.

Hapa inafaa kusahihisha jambo linalosemwa sana jikoni. Mbegu si kali. Kapsaisini hutengenezwa kwenye utando mweupe ulioshika mbegu ndani ya tunda, na mbegu huwasha kwa sababu tu zimeuegemea.

Mmea huu haukuanza kwetu. Asili yake ni Amerika, ambako watu waliulima kwa maelfu ya miaka kabla meli za Kolumbus hazijafika mwaka 1492. Wareno ndio waliousambaza pwani za Afrika na Asia katika karne ya 16. Jina tuliloupa lilikuwa tayari kinywani, kwani lilitumika kwa viungo vya Bara Hindi, na asili yake ndiyo ile ile ya neno la Kiarabu filfil. Mgeni alipokuja na ukali wake akalichukua jina lote, na ile ya zamani ikabidi iongezewe sifa: pilipili manga, yaani ya Manga, Uarabuni. Leo mtu wa Sake akisema pilipili bila kuongeza neno, hakuna anayemletea ile nyeusi.

Bustanini utakutana na jamaa tatu. Ya kwanza ni ile ndogo, nyembamba, inayosimama ikitazama juu, ambayo Tanzania huitwa pilipili kichaa. Mti wake huweza kuishi miaka kadhaa. Ya pili ni ya duara yenye mikunjo na harufu ya matunda, ambayo Watanzania huiita pilipili mbuzi. Ya tatu ni hoho, ambayo sisi wa Kivu huiita puavro, isiyo na ukali, pamoja na ndugu zake warefu wenye ukali wa wastani. Zote zinaoteshwa kwa njia moja, ila za jamaa mbili za kwanza huchelewa zaidi kuchipua. Usizihesabu zimekufa mapema.

Mlima na msitu

Sasa tazama nchi yenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Sake ukipanda vilima vya Masisi unafika mita 2,000 na kupita, mahali pa viazi, kabichi na blanketi mbili usiku. Ukiendelea magharibi barabara inashuka, miti inafunga, jasho linaanza, na ukifika Walikale uko chini ya mita 1,000, kwenye msitu wa mawese na mihogo ambako mvua hainyamazi kwa muda mrefu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa mwenye koti hilo ni jambo dogo, lakini kwa mbegu ya pilipili ni suala la uhai.

Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, mbegu ya pilipili huchomoza kwa siku 8 hivi. Kwenye nyuzi 20 inachukua karibu siku 13. Kwenye nyuzi 15 inachukua siku 25, na kwenye nyuzi 10 haioti kabisa. Mimi somo hili nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilipanda mbegu moja kwa moja ardhini, mlimani, mwezi wa sita, wakati anga ni jeupe na usiku unauma. Nilimwagilia wiki tatu nikitazama udongo mtupu. Siku ya ishirini na mbili nikakata tamaa, nikachukua jembe nipande lengalenga. Pigo la kwanza liligeuza mbegu zangu juu, na kila moja ilikuwa imetoa mzizi mweupe wa urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa nimezichimbua zikiwa mlangoni.

Mlimani, kwa hiyo, adui ni baridi. Mbegu huchelewa, na usiku wa baridi kali maua huanguka kabla ya kushika tunda. Msituni adui ni maji. Mche huozea shingoni, na tunda linaloiva hupata doa la mviringo lililobonyea, ugonjwa wa kuvu uitwao chule, unaoenezwa na matone ya mvua na ambao huweza kujificha hata ndani ya mbegu. Mti unaofaa Masisi unaweza kuwa si unaofaa Walikale. Hakuna duka litakalokupimia tofauti hiyo. Utaipima wewe, kwa kitambaa chekundu.

Kutafuta mama

Wengi wetu hupata mbegu kwa njia rahisi: tunakwenda sokoni, tunachagua pilipili kubwa, nyekundu, ya kung'aa, tunaipasua. Kosa si kununua sokoni. Kosa ni kudhani kwamba tunda linakueleza habari za mti. Pilipili kubwa inaweza kuwa ndiyo pekee iliyozaliwa na mti dhaifu, uliotumia nguvu zake zote kwa tunda moja. Inaweza kutoka kwenye mti uliougua wiki mbili baadaye. Ukiishika mkononi huoni lolote kati ya hayo. Mbegu hubeba tabia za mti mzima, kwa hiyo anayetaka mbegu lazima awe ameutazama mti mzima.

Anza basi na pilipili za sokoni ukitaka, zilizoiva kabisa, kutoka kwa wauzaji watatu au wanne tofauti, ili upate mchanganyiko. Mchanganyiko huo ni mali, kwani pasipo tofauti hakuna cha kuchagua. Panda miti kumi ukiweza, hata mitano. Kuanzia hapo kazi yako ni kuangalia. Mti upi uliamka haraka? Upi una majani ya kijani safi, yasiyo na mabaka ya njano wala kujikunja? Mlimani, upi ulishika maua wakati wa baridi? Msituni, upi ulipita mwezi wa mvua kubwa bila matunda yake kuoza? Na kwa chakula cha nyumbani, upi una ukali na harufu inayopendwa kwenye maharagi yenu? Mti unaojibu vizuri maswali mengi kuliko mengine, ufunge kitambaa. Kama una nafasi, funga mitatu, ili mmoja ukifa usibaki mikono mitupu.

Kifunge mapema, kabla ya mavuno kunoga, la sivyo njaa ya jikoni itakuchagulia: watu huchuma kwanza kwenye mti bora, na mbegu hubaki za ule uliobaki. Hivyo ndivyo pilipili nzuri ya kijiji inavyopotea taratibu bila mtu kukusudia.

Kuhusu pakiti za dukani zilizoandikwa F1, mavuno yake ya kwanza huwa mazuri na ya kufanana. Lakini F1 ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na ukipanda mbegu ulizozitoa humo, watoto watatawanyika kila mmoja na tabia yake. Pakiti hiyo ni ya kula, si ya kurithisha.

Kutoa, kukausha, kujaribu

Acha tunda liive mtini mpaka lianze kukunjamana. Ukilichuma, liweke kivulini siku chache zaidi, kwani mbegu huendelea kukomaa ndani yake. Lipasue, kwangua mbegu juu ya sahani, tupa zilizo nyeusi au nyembamba kama karatasi. Usiguse macho. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, ila huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo sugua mikono kwa mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni.

Mbegu zitandazwe kwa safu moja kivulini, penye upepo, wiki moja hadi mbili. Jua kali la mchana na mabati ya moto huua kiini. Ukikunja mbegu ikavunjika badala ya kupinda, imekauka. Mashangazi zetu wa mlimani hutundika mbegu juu ya moto wa jiko, na moshi kweli hufukuza wadudu, lakini ziwe mbali na miali, mahali ambapo kiganja chako kinaweza kukaa bila kusikia joto. Kisha ziingie kwenye chupa yenye kifuniko, chini yake ukiwa umeweka makala (makaa) yaliyosagwa au majivu makavu yaliyopoa, na karatasi juu yake. Makala yatafyonza unyevu, na unyevu ndio unaozeesha mbegu. Zikitunzwa hivyo, zitakaa miaka miwili au mitatu zikiwa na nguvu.

Kabla ya kupanda, jaribu. Funga mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya kikombe karibu na jiko, kilowanishe kila siku. Baada ya wiki mbili hadi tatu hesabu zilizochipua. Zikiwa 16, panda kwa amani. Zikiwa 8, panda mara mbili zaidi. Zikiwa 2, tafuta nyingine, nawe umeokoa msimu.

Kopo karibu na jiko

Mvua za msimu wa kwanza hurudi Kivu mwezi wa tisa, na za msimu wa pili kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Mche huhitaji wiki 6 hadi 8, na mlimani hata 10, kabla ya kuhamishwa. Kwa hiyo anayetaka kupandikiza Septemba aoteshe Julai, na wa Machi aoteshe Januari.

Chukua kopo au bidoni iliyokatwa ubavu, toboa chini kwa msumari wa moto. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza kabisa sehemu moja, na mchanga au changarawe laini ya volkano sehemu moja. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe. Maji hayo huua kuvu wanaoozesha shingo za miche. Panda mbegu kwa kina cha nusu sentimita, si zaidi, ukiachanisha vidole viwili. Mlimani kopo likae ndani ya jiko, karibu na mafiga lakini si juu yake, maana mbegu inayochipua inataka joto na haina haja na mwanga. Siku shingo ya kwanza inapochomoza, toa kopo nje upesi. Mche ulioachwa gizani hurefuka, hupauka na kuanguka. Jioni urudishe ndani mpaka uwe na majani manne. Msituni huna haja ya jiko. Una haja ya kijipaa cha majani kuzuia matone makubwa, na meza ya miti ili maji yatoke chini ya kopo. Kote kote, mwagilia asubuhi, kidogo, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko.

Miche ikiwa na majani mawili ya kweli, uhamishie kila mmoja kwenye kikopo chake. Maganda ya mgomba yaliyokunjwa kama kikombe yanafaa sana, kwani utayapanda pamoja na mche bila kuuvunja mizizi. Ukifika urefu wa kiganja, uzoeshe jua siku chache, kisha upandikize jioni au siku ya mawingu, nusu mita kati ya mti na mti, konzi mbili za samadi kila shimo. Kwenye mwamba kama wa Kingi, jaza gunia udongo na upande humo. Tandaza nyasi kavu chini yake.

Usipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya au bilinganya katika misimu miwili au mitatu iliyopita. Hao ni ukoo mmoja na pilipili, nao huachiana magonjwa kama ndugu wanavyoachiana nguo. Kwa watu wa Masisi, ambao viazi ndio maisha yao, onyo hili ni zito. Mti ukinyauka ghafla huku majani bado ni mabichi, kata kipande cha shina na ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, na usipande jamaa hao hapo.

Nyuki wa jirani

Mithali huuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa mwenye kutunza mbegu, jibu ni kwamba inaweza kumwasha sana. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe mara nyingi, lakini nyuki hupita, na nyuki hatambui uzio wala mpaka. Ukipanda puavro karibu na pilipili kali ndefu ya jirani, tunda utakalochuma mwaka huu litabaki tamu. Mbegu zilizomo ndani ndizo zinazoweza kuwa zimeshaolewa, na mwaka ujao puavro yako itawasha wageni mezani. Tiba yake ni rahisi. Kabla maua hayajafunguka, funika tawi moja la mti wenye kitambaa kwa kipande cha neti ya mbu, utikise kidogo kila asubuhi ili chavua idondoke, na matunda yakishika, ondoa neti na ulitie tawi hilo alama. Mbegu zitoke hapo tu.

Fundo la kitenge

Vita ilipofika Kingi katika miaka ya 1990, Tate aliondoka na alichoweza kubeba. Maharagi ya mbegu yalikuwa kilo nyingi, yakabaki. Vipando vya viazi vikabaki. Kwenye pembe ya kitenge, pale wanawake wanapofunga pesa, alifunga mbegu za mti wa tano. Gramu moja ya mbegu za pilipili ina mbegu zaidi ya mia moja, kwa hiyo fundo halikuonekana hata uvimbe. Alishukia upande wa Walikale, akakaribishwa nyuma ya nyumba ya watu, akapanda.

Mwaka wa kwanza mbegu ya mlimani ilishindwa na msitu. Iliota haraka kuliko alivyowahi kuona, kisha mvua ikaiozesha. Miti miwili tu ilisimama mpaka matunda yakaiva safi, na haikuwa hata mizuri ya kutazama: mifupi, yenye matunda madogo. Angeweza kula yale machache, na njaa ilikuwepo. Akachana kitenge tena, akaifunga yote miwili. Mwaka wa pili alikuwa na miti minane iliyovumilia mvua. Mwaka wa tatu wenyeji wake walikuja kumwomba mbegu yeye mgeni.

Januari 2025 vita ilipita Sake na kufika Goma, na waliokuwa kwenye kambi za wakimbizi za Mugunga na Bulengo wakarudi barabarani. Wengine walirejea Masisi kwenye nyuma za nyumba zisizo na kitu. Kwao, na kwa kila anayeanza upya, nasema alivyosema Tate kwa mikono yake: usiulize kwanza mti upi ni mzuri wa kutazama. Panda mingi kidogo, ngoja msimu wa mahali pale uipite, kisha utazame ni upi umebaki umesimama. Huo ndio wa kufunga kitambaa, na watoto waambiwe wachume kwenye mingine.